Mgonjwa Anayetuma Wageni Maji

Kalemie, Zaïre, 7 Oktoba 1991

Mheshimiwa Mama Hortense, muuguzi wetu,

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika. Mimi ni Casimir, baba mdogo wa Florentine, yule unayemfundisha kujitunza na ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao daktari wa Lubumbashi aliuita sklerozi. Masomo yako yameharibu desturi yetu ya kuangalia mgonjwa. Malalamiko ni haya:

1. Zamani niliingia kwake saa sita kamili, nikampa pole, akajikokota jikoni, nikala ugali na samaki wa mikebuka. Sasa saa sita amelala. Hajachoka, Mama! Eti anapumzika kabla ya kuchoka.

2. Mgonjwa hupashwa moto, hilo kila mtu analijua. Nilimsogezea mbabula, jiko la makaa, miguuni. Akaisukuma, akajifunga shingoni kitambaa cha maji baridi, akasema joto linamnyang'anya miguu.

3. Anatuma wageni. Nimefika na koti langu la kwaya, sijaketi, akaniambia: "Papa mudogo, mbele ya kukaa, ulete kwanza mayi." Nikapita na ndoo kichwani mbele ya wanakwaya wenzangu. Mpaka leo wananiita Mama Casimir.

4. Kwa kuwa adhuhuri hapokei mtu, naenda asubuhi, nakuta mazoezi. Anasimama akishika mgongo wa kiti cha mgeni, na mgeni ni mimi. Nimewekwa hapo nikikalie kisiteleze, naye nyuma yangu anahesabu hadi ishirini. Mwaka jana hakufika tatu, tukaanza kuulizana nani atakuwa akimbeba kwenda kanisani. Niliposikia ishirini nililia. Nayo pia ni aibu uliyonitia wewe.

5. Jumapili alikuja kwangu na fimbo yake, kwa miguu yake, eti kuniangalia mimi. Akamaliza mikebuka yote.

Wewe mwenyewe ulisema ugonjwa huu hauponi. Basi naomba masomo yasimame hadi Krismasi, augue kama watu wanavyougua.

Wasalimie wauguzi wote, pamoja na wagonjwa wako wanaojua kulala kitandani.

Ni mimi mwenye uchungu,
Casimir

N.B. Barua hii atakuletea Florentine mwenyewe. Nilitaka kuileta mimi, amekataa. Nimemwambia atoke alfajiri kabla jua halijawa kali. Akifika, mpe kivuli, mloweshee kitambaa, asirudi kabla ya saa kumi. Somo jipya kama lipo, mpe. Maji nitakuwa nimechota, ugali nimepika. Kile kiti nitakitoa nje, nikae niangalie njia.