Ufunguo wa Bomba na Kamera Inayoona Ndani ya Nguo

Wananchi wote, wakiwemo walioko safarini na walioko korongoni wakichimba maji, mnatangaziwa kwamba Mtaa wa Zizi la Kale, hapa Dodoma, ukishaipita Nzuguni, umekuwa mtaa wa kwanza duniani kutafuta ufunguo kwa miale isiyoonekana. Zoezi limekamilika kwa mafanikio makubwa. Mimi, Bibi Mwanaidi, mjumbe mwakilishi wa wazee katika kamati husika, nilikuwepo mwanzo hadi mwisho.

Ufunguo wenyewe ni wa kufuli la bomba la mtaa. Ulipotea katikati ya kiangazi. Bomba lilikuwa na maji, kufuli lilikuwa zima, na sisi tulikuwa na ndoo. Kilichokosekana ni ufunguo tu. Jirani yangu Dorkasi aliuliza kikaoni kwa nini kufuli lisikatwe. Mtendaji wetu wa mtaa, mheshimiwa Respicius, alimjibu kwa upole kwamba kufuli ni mali ya umma, na anayelikata anaukata umma. Tukapiga makofi, tukarudi korongoni kufukua mchanga.

Mtunza ufunguo alikuwa Matonya, mlinzi wa bomba. Huyu kijana ndiye aliyekuwa akinijazia ndoo kabla ya wengine, kisha akanibebea mpaka mlangoni, akidai naye anapita njia hiyo hiyo. Kwake ni upande mwingine kabisa. Alieleza kwamba jioni aliutundika ufunguo ofisini kwenye msumari wake, kama kawaida, na asubuhi akaukuta msumari peke yake. Mheshimiwa akasema msumari haukubaliki kama shahidi. Matonya akapewa mpaka Ijumaa: ufunguo uonekane, la sivyo aondoke kazini na jina lake litangazwe mkutanoni kuwa ni mwizi. Mkewe ndiyo kwanza alikuwa amejifungua.

Hapo ndipo sayansi ilipoingia.

Mheshimiwa alikuwa ametoka semina mjini. Huko, watu wakisubiri chai, mmoja wao alielekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu ikaonekana nukta ya zambarau inawakawaka pale kwenye ncha ya rimoti. Ukiiangalia rimoti kwa macho yako, huoni kitu. Mheshimiwa akaambiwa hiyo inaitwa infraredi. Chai ikaja kabla hajaambiwa mengine.

"Infraredi ni joto," alitufafanulia kikaoni. "Chuma cha Dodoma kimeshiba jua. Ufunguo ni chuma. Simu inaona joto. Kwa hiyo simu itauona ufunguo huo popote ulipo, hata ukiwa ndani ya soksi, hata ndani ya nguo yoyote ile."

"Ndani ya nguo?" Dorkasi akauliza.

"Ndani ya nguo."

"Na vingine vilivyomo humo, navyo vitaonekana?"

Kikao kikaahirishwa kwa mashauriano.

Kiliporejea kiliunda Kamati Maalumu ya Utambuzi wa Vyuma kwa Miale Isiyoonekana. Kwa kuzingatia unyeti wa zoezi, ikaamuliwa kwamba kamera ishikwe na mtu mwenye umri wa kutoshangazwa tena na lolote. Wote wakanigeukia. Nilishukuru kwa imani yao.

Nyumbani nilimwambia mjukuu wangu Munira, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, anifundishe kutumia simu yangu kuona joto. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona sicheki, akanishika mkono.

"Njoo jikoni, bibi."

Akaniambia nielekeze kamera kwenye kikaango kilichotoka motoni. Niliona kikaango. Akaniambia nimwangalie yeye mwenyewe, amevaa dera. Niliona dera. Akabonyeza rimoti mbele ya kamera, nami nikaiona ile nukta ya zambarau, nzuri kweli.

"Rimoti ina taa yake ndogo," akasema. "Mwanga wake uko jirani tu na mwekundu, ila macho yetu hayaufikii. Kamera inaufikia. Tena ndani ya simu wameweka kichujio cha kuuzuia, usiharibu rangi za picha, lakini kidogo hupenya. Sasa jaribu kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha."

Nukta ikang'aa zaidi.

"Hiyo mara nyingi huzuia kidogo, ndiyo maana. Lakini joto la kikaango, au la mwili wako, ni miale ya mbali mno. Kamera ya simu hii haina habari nayo. Wanaopima joto wana kamera za aina nyingine kabisa."

"Na nguo?"

"Nguo ni nguo, bibi."

Asubuhi nikaenda kumweleza mheshimiwa, maana si vizuri kumwacha mtu akatembea na jambo ambalo silo. Alinipa kiti mwenyewe. Hilo nalitaja kwa sababu ni wachache wanaofanya hivyo.

"Huyo Munira ni mjumbe wa kamati?" akaniuliza.

"Hapana, mwanangu. Anasoma."

"Basi akimaliza kusoma atatukuta. Sayansi ya mtaa huu imeshapitishwa na kikao, bibi. Kuibadilisha kunahitaji kikao kingine, na akidi haitatimia kabla ya Ijumaa."

Nikaona ni kweli. Nikaaga.

Ijumaa mtaa mzima ulijipanga mbele ya ofisi. Watu walikuwa wamejiandaa. Mzee Hassani alikuja na koti la mvua lililofungwa hadi kidevuni, na mvua ya mwisho hata wajukuu walishaisahau. Salma alivaa kanga zake zote kwa pamoja, akashindwa kupita mlangoni. Gladness, karani wa ofisi, akamwekea benchi nje na kumpepea kwa jalada la faili.

Matonya ndiye aliyewekwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye mtuhumiwa. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi. Nilimtazama, nikaona itifaki imekosewa.

"Mheshimiwa," nikasema, "nina hoja ya utaratibu. Jambo jipya huanza na kiongozi. Hata chanjo, wakubwa ndio waliotangulia kukunja mikono ya shati."

"Tangulia, mheshimiwa!" Dorkasi akapaza sauti. "Tuoneshe njia!"

"Mimi ni msimamizi wa zoezi," akasema mheshimiwa.

"Ndiyo vizuri," nikamjibu. "Ukipigwa picha wewe kwanza, hawa watoto wataacha kuogopa. Mtazame Salma, atazirai."

"Atazirai kweli!" ikaitikia foleni nzima, na Salma, binti mwenye adabu, akaanza kuyumba.

Mheshimiwa akafunga kifungo cha koti lake. Ni koti zito la kijivu, halimtoki hata saa nane mchana. "Simu yenyewe ina uwezo huo, bibi? Isije ikawa ya kawaida."

"Ya kawaida tu. Ila Munira anasema kamera ya mbele ndiyo kali. Huzuia kidogo."

"Huzuia kidogo?"

"Kidogo sana. Nimeijaribu mwenyewe jikoni."

Akapangusa paji la uso. "Nayo inaona mpaka wapi?"

"Kwa mujibu wa kikao chako, mpaka ndani ya soksi."

"Na bitana ya koti?"

Foleni nzima ikamgeukia. Hata Salma aliacha kuyumba.

"Kikao hakikutaja bitana," nikasema. "Lakini kilisema nguo yoyote ile."

Nikaingiza mkono kwenye mkoba wangu kutafuta simu. Mkoba wangu una mambo mengi, kwa hiyo nilichelewa kidogo. Nilipoinua kichwa, mheshimiwa alikuwa ameshika ufunguo juu, watu wote wauone, na jasho linamtiririka.

"Mnaona!" akasema. "Nilikuwa nimeuhifadhi. Kwa usalama wa ufunguo wenyewe!"

"Ndiyo maana tenki lako hufurika sisi tukilala!" Dorkasi akamjibu. "Nikadhani una baraka!"

Matonya alisogea mbele. Alinyoosha mkono, akapewa ufunguo, akaenda kufungua bomba. Wa kwanza kujaziwa alikuwa mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni. Mimi nikamwambia Matonya leo sina ndoo. Akaniambia ataniletea, anapita njia hiyo hiyo.

Kwa upande wa utaalamu, kamati yetu imethibitisha kwamba kamera ya simu inaweza kuona ufunguo ndani ya bitana ya koti ikiwa yenyewe bado imo mkobani, imezimwa, chini ya kitambaa na tasbihi. Munira anasema matokeo hayo hayajawahi kupatikana kwingine. Tunayatoa bure kwa yeyote atakayeyahitaji.

Mheshimiwa bado yupo ofisini, ila amekuwa mwepesi sana wa taarifa. Jumatatu iliyopita Gladness alitoka kibarazani na simu yake, akaiinua juu huku na huku, maana mtandao wa kwetu hupatikana kwa kuinuliwa. Mheshimiwa alikuwa anapita. Akasimama ghafla, akaitazama ile simu, akashusha pumzi.

"Mabati ya zahanati," akasema, "yako kwa shemeji yangu, Chamwino."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hatukujua hata kama mabati yalishafika. Gladness, kwa adabu yake, alibaki na mkono juu vile vile ili asimkatize. Salma akaleta kiti. Matonya akaja na kikombe cha maji ya baridi.

"Kunywa kwanza, mwanangu," nikamwambia mheshimiwa, "kisha tuendelee na saruji."