Kahawa Chini ya Jiwe la Ngamia

Labib Qandil alikuwa amelala chali kwenye kiti cha kinyozi, povu limempanda mpaka puani, aliposikia sauti ya mpumbavu. Sikio lake lilikuwa limezoea kazi hiyo. Fundi hujua injini mbovu kwa mlio, na Labib alijua kwa mlio mtu anayetaka kudanganywa ila hajampata wa kumdanganya.

Sauti ilitoka kiti cha pili. Mwenyewe alikuwa Abu Nadim, muuza vigae, mtu ambaye nusu ya vyoo vya Amman vimemtajirisha.

"Alama ilikuwa unyayo," Abu Nadim alikuwa akimwambia kinyozi. "Mimi nikachimba kwenye kisigino. Kumbe dhahabu hukaa upande wa vidole."

"Sasa umerudi kuchimba vidoleni?"

"Ukuta wa jirani umeanguka. Mambo yako mahakamani."

Sisi watu wa Jordan tuna maradhi haya na hatutafuti dawa. Kila ukoo una mzee wake aliyebomoa jiko la mkewe akitafuta dhahabu iliyozikwa na Waturuki walipokuwa wakikimbia. Waturuki wale walikimbia na njaa, viatu vimetoboka, lakini ukitusikiliza sisi, kila askari alibeba mtungi wa dhahabu mgongoni, na kila mmoja akapata wasaa wa kukaa kitako kuchonga alama mwambani ili muuza vigae wa siku za mbele asipotee njia.

Labib aligeuza macho kwenye kioo. Nje, mbele ya duka, ilisimama Landikruza nyeupe, mpya, yenye magurudumu ya kulaza mchanga. Roho yake ikaitamani. Alikuwa muuza simu, ila msimu ule biashara yake ilikuwa safari za kulala jangwani kule Wadi Rum: gari la kukodi, hema, mbuzi wa kufukiwa na makaa, na nyota, ambazo alitoza ada yake pembeni. Lakini gari lake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo. Kila safari alipanda pikapu ya dereva wake, Swailim, akikaa katikati na gia ikimchoma goti, huku Swailim akimwita "mzigo." Alikuwa ameapa kwamba siku moja ataingia Rum akiwa ameshika usukani wa gari lake. Sasa gari hilo lilikuwa pale nje, limeegeshwa vibaya, likimngoja.

Akajifuta povu nusu uso.

"Ami," akasema kwa upole, "unyayo ni alama ya kudanganyia. Waturuki waliuchonga kuwapoteza watu. Kwetu jangwani hata watoto wanajua."

"Kwenu wapi?"

"Mimi ni mwana wa sheikh, kutoka Rum. Nimemleta mama mjini kutazamwa macho."

Mama yake Labib aliuza kachumbari nyuma ya msikiti na aliweza kuona sarafu iliyoanguka upande wa pili wa barabara. Lakini Abu Nadim alikuwa ameshageuka na wembe shingoni, na kinyozi akalazimika kuinua mkono asije akamchinja.

Kabla ya wiki kwisha, Labib alikuwa amemvisha kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho. Akamwambia habari za Jiwe la Ngamia, mwamba uliopiga magoti mbali kabisa na njia za watalii, ambapo pana alama ya hilali na mshale. Hilali na mshale alizichonga yeye mwenyewe siku ya Jumatatu, akazisugua kwa majivu na majani ya chai zipate uzee. Jina la Jiwe la Ngamia alilitunga njiani akirudi. Wenyeji hupaita Pale Mbuzi Hulala, na hawajawahi kupaona pa maana.

"Ila dhahabu ya ardhi ya kabila haichimbwi hivi hivi, ami," alisema. "Ni lazima ruhusa ya sheikh, na baba amekwisha nikabidhi joho. Utakuja hemani, utapewa kahawa. Usiinywe. Iweke chini mbele yako. Nitakuuliza haja yako, nawe utaisema. Mwenye joho hawezi kumnyima mtu ambaye kahawa yake iko chini."

"Hilo nalijua," alisema Abu Nadim kwa kiburi. "Hata posa ya mke wangu ilikwenda hivyo."

"Na baada ya hapo, mgeni mwenye heshima humtunza sheikh kitu cha kiasi cha haja yake. Aliyeomba kisima hutoa ngamia. Aliyeomba mlima wa dhahabu..." Labib akaitazama Landikruza nje, akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa sehemu ghali ya kazi yake.

Abu Nadim naye akatazama nje. Akawaza kwamba kwa mtungi mmoja angenunua Landikruza kumi kama ile. Hesabu ilimwingia akilini bila kupiga hodi, na pale pale akaona amemzidi ujanja mtoto wa jangwani.

Swailim alipoelezwa mpango, alicheka mpaka akazima pikapu.

"Wewe sheikh? Na uso huo wa maziwa ya mgando?"

"Joho linaficha mengi. Wewe niletee hema jeusi na jamaa zako wa kujaza mikeka. Watakula mbuzi, watalipwa, watakaa kimya. Wewe utamimina kahawa. Asubuhi nitaondoka na gari langu, nitasema naenda kuchukua maji, siku njema. Alhamisi utakuja kuwazoa wale wajinga."

"Mwache mmoja wa jamaa zangu awe sheikh, Labib. Sisi tumezoea kukaa pale."

"Ni igizo tu, Swailim. Mistari naijua yote."

Swailim alimtazama kidogo, akawasha gari. Msidhani Swailim alikuwa mtu mwema. Ni huyu aliyewahi kumtoza mgeni ada ya mwangwi bondeni, na mgeni alipopiga kelele mara mbili akamtoza tena.

Siku ya safari, Abu Nadim alikuja na shemeji yake Munther, karani wa benki mwenye mgongo mbovu na kalamu mfukoni. Kwenye ukingo wa mchanga Swailim alisimamisha pikapu akawaambia wapunguze upepo matairini. Abu Nadim alikataa, akisema matairi yake ni ya Japani. Baada ya mwendo mfupi Landikruza ilizama mpaka milangoni, na Labib akaisukuma kwa mikono yake miwili, akiipapasa kila alipopata nafasi kama mtu anayemtuliza farasi aliyekwisha mnunua.

Walifika jua likiwa bado juu ya miamba. Hema lilikuwa tayari, makaa yamefukiwa na mbuzi chini yake, na jamaa za Swailim wamejipanga mikekani, wazee na vijana, nyuso kavu. Labib akavaa joho la kahawia lenye uzi wa dhahabu, akakaa mahali pa sheikh, akaegemea tandiko la ngamia. Alipendeza, nitamkatalia nini. Wapumbavu wengi hupendeza.

Swailim akamimina kahawa. Abu Nadim akapokea finjani, akaiweka chini mbele yake.

"Kunywa kahawa yako, Abu Nadim," alisema Labib kwa sauti nzito aliyokuwa ameifanyia mazoezi bafuni.

"Sinywi, sheikh. Nina haja."

"Iseme."

"Naomba kuchimba chini ya alama iliyoko kwenye Jiwe la Ngamia."

Kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Jiwe gani?" Akapigwa kiwiko.

"Kunywa kahawa yako," Labib akasema. "Umepewa."

Abu Nadim akanywa, machozi yakimlenga. Kisha akatoa ufunguo wa gari, na hati ya kuliuza aliyoisaini mjini, nafasi ya jina la mpokeaji ikiwa tupu kwa kuwa hakujua masheikh huandikwaje. Akaviweka kwenye kiganja cha Labib. Labib akafumba vidole. Chuma kilikuwa cha moto kutoka mfukoni mwa mwenzake, na kwa kitambo kidogo maisha yalikuwa matamu.

Hapo Swailim akaketi. Akajimiminia finjani, akaiweka chini mkekani.

Labib alidhani amechoka. "Swailim, wamiminie wageni."

"Nimekwisha wamiminia, sheikh. Yangu iko chini."

Wale jamaa waliolipwa kukaa kimya sasa walikaa kimya kwa namna nyingine kabisa.

"Kunywa kahawa yako, Swailim," Labib akasema taratibu.

"Sinywi. Nina haja."

"Tutaizungumza kesho."

Mzee mmoja akageuza kichwa. "Sheikh wa wapi huyu anayeilaza kahawa ya mtu ipoe?"

Abu Nadim akainama kwa Munther, akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Mbona sheikh hamuulizi haja yake?"

Labib alihisi jasho likishuka chini ya joho. "Iseme haja yako."

"Lile gari jeupe," alisema Swailim.

Mistari yote aliyoijua Labib ilikuwa ya upande mmoja. Alipokuwa akijifunza kusema "umepewa," hakuwahi kuwaza kwamba huenda akaombwa kitu ambacho ni chake.

"Nakupa ngamia," akasema. "Ngamia wangu wekundu, wote."

"Ngamia ninao, sheikh. Ni mimi ninayekukodishia."

"Upanga wa babu yangu."

"Ukate nini nao?" akauliza yule mzee. "Ameomba gari. Umempa mgeni mlima, unamnyima wako wa nyumbani gari?"

Labib akatazama pande zote. Akisema hapana, yeye si sheikh. Asipokuwa sheikh, ruhusa ni batili na gari linarudi kwa mwenyewe, na hao wanaume wote wangetaka kujua ni nani aliyekaa mahali pale na joho la watu. Akisema ndiyo, gari linakwenda. Kila njia aliyoipima ilimfikisha kwenye pikapu, gia ikimchoma goti. Akili yake kubwa, iliyokuwa ikijisifu mji mzima, haikupata hata uongo mmoja.

"Kunywa kahawa yako," akasema. Sauti ya bafuni ilikuwa imekwisha. "Umepewa."

Swailim akanywa, akatikisa finjani kuonyesha kwamba imemtosha, akapokea ufunguo. Munther, mtu wa msaada, akatoa kalamu akaandika jina la Swailim kwenye hati kwa mwandiko mzuri wa benki. Abu Nadim alikuwa analia waziwazi.

"Umeona, Munther? Gari zima, mkono haukutetemeka. Ndiyo maana nasema, mjini hakuna watu."

Wakala mbuzi. Jamaa za Swailim walimla kwa bidii kubwa, wakanawa, wakaanza kulivunja hema kwa kuwa lilikodiwa kwa jioni moja. Labib akamvuta Swailim nyuma ya mwamba.

"Leta ufunguo. Mchezo umekwisha."

"Mchezo gani? Umenipa kahawa ikiwa chini, mbele ya baba zangu."

"Mimi ni muuza simu wa Amman, mwehu wewe. Unanijua."

"Rudi kawaambie hivyo. Kama wewe ni muuza simu, gari narudisha kwa mwenyewe sasa hivi. Joho nitakushikia."

Labib akasikia vicheko vya wale wanaume upande wa pili wa mwamba. Hakwenda.

"Basi nipakie tuondoke wote," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Swailim alikuwa tayari kumpakia, sitaki kumsingizia. Lakini Labib alipotia mguu garini, Abu Nadim alimkamata mkono wa joho kwa mapenzi. "Unakwenda wapi, sheikh? Usiku wa kwanza mwenyeji huwaacha wageni wake?"

Yule mzee, akiwa juu ya pikapu, akajibu kwa niaba yake. "Haachi. Haijawahi kutokea."

Magari mawili yakaondoka, Landikruza mbele. Swailim alikuwa amekwisha ipunguza upepo matairini, na ilipita juu ya mchanga bila kuzama hata kidogo.

"Alhamisi," alipaza sauti dirishani.

Asubuhi jiwe lilikuwa jekundu na halikufanana na ngamia hata ungelitazamaje. Munther alikuwa amelala ubavu, mgongo umemkamata. Abu Nadim alikuwa amekwisha panga sururu na makoleo chini ya ile hilali, akaipuliza vumbi kwa heshima. Kisha akaja kuketi mbele ya Labib akampa birika.

"Nimiminie, sheikh. Kahawa ya mkono wako ina baraka."

Labib akammiminia. Hakuwa amelala, na joho lilikuwa na mchanga kwenye uzi wote wa dhahabu. Abu Nadim akapokea finjani, akaitazama kahawa, akatabasamu kama mwanafunzi aliyeshika somo. Akaiweka chini.

Labib aliitazama finjani ile. Ng'ambo yake zilionekana alama za matairi ya Landikruza, pana, zimenyooka, zikielekea mjini.

"Kunywa kahawa yako, Abu Nadim."

"Sinywi, sheikh. Nina haja ndogo tu. Munther hawezi kuinama, na mimi nina maradhi ya moyo. Lakini ardhi ni yako, na inakujua."

Mbali na Munther aliyelala ubavu, hakukuwa na mtu pale wa kushuhudia. Palikuwa na Abu Nadim mbele yake, na sururu iliyokuwa karibu zaidi na mkono wa Abu Nadim kuliko wa Labib.

"Umepewa," akasema Labib.

Akavua joho, akalikunja vizuri, akaingia kazini chini ya mshale alioutia ncha yeye mwenyewe siku ya Jumatatu. Mchanga wa juu ulikuwa laini. Chini yake palikuwa na mwamba. Abu Nadim alivuta kiti cha kukunja mpaka ukingoni, akanywa kahawa yake taratibu, akachungulia.

"Chini zaidi, sheikh," akasema. "Mambo ya kweli hayakai juu juu."