Vita vya Ukoka na Zege

Ketini, enyi mnaopita na enyi mliokwisha kukaa! Zimeni redio, tegeni masikio yote mawili, niwape habari za Mzee Ukoka, karani wa posta mstaafu, bingwa wa mpira wa kumwagilia, mtetezi wa majani mafupi, ambaye asubuhi moja aliingia vitani akiwa amevaa pajama.

Zilikuwa zama za kiangazi kikali. Mabomba ya mtaa yalikuwa yakikohoa hewa tupu, na ule ukoka wa mbele ya nyumba, aliouotesha kwa mikono yake mwenyewe shina kwa shina, ulikuwa umegeuka rangi ya kamba kuukuu. Malkia wa nyumba ile, Mama Watoto, mwepesi wa ulimi na mzito wa kubadili uamuzi, alikwisha kutoa tangazo: vumbi limemchosha, fundi anakuja leo kupima, na patamwagwa zege ukuta kwa ukuta. Mzee alilichukia zege kwa moyo wake wote.

Lakini nyuma ya jiko palikuwa na kisima chao wenyewe, kilichofunikwa bati tangu mabomba yalipoingia mtaani. Shujaa akalinyakua bati lile kama anyang'anyaye ngao ya adui, akachungulia, akayaona maji yanameta karibu kabisa, akacheka peke yake. Akafunga pampu mpya aliyoinunua dukani, akashusha bomba, akaunga mpira hadi kwenye ukoka, akavuta waya dirishani, akabonyeza swichi.

Pampu ikanguruma, madirisha yakatetemeka, majirani wakatoka nje. Tone halikutoka.

"Ewe pampu!" akanena shujaa. "Waniaibishaje mbele ya kadamnasi?"

Ndipo alipokumbuka maneno ya muuza duka: pampu ya namna ile haivuti mpaka kwanza ijazwe maji. Na saa ileile fundi wa zege akapiga hodi getini, futi kamba mkononi. Mzee akazima swichi, akatimua mbio hadi jikoni, akapiga goti.

"Ewe mwenzi wa ujana wangu, mlinzi wa ndoo ya mwisho! Sikuombi dhahabu wala ng'ombe. Nakuomba ndoo moja tu ya maji niinyweshe pampu, ili jeshi langu la kijani lisizikwe hai!"

"Pampu ipi?"

"Ya kisimani."

Mama Watoto akaweka sufuria chini polepole. "Baba Watoto. Umetoka kusimama juu ya kisima kimejaa maji, halafu unakuja kuniomba maji mimi?"



Mama Watoto akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaifungua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye ndoo, akaenda kuteka mwenyewe. "Shika hapo," akasema, "na hotuba ziache." Wakaijaza pampu bega kwa bega, wakicheka wote wawili, na mzee akasahau kidogo kwamba yuko vitani.

Akabonyeza tena. Mpira ukajinyonganyonga, ukatema kutu, kisha ukaruka juu, ukarusha maji kwenye ukoka, kwenye ukuta, kwenye paka, na kwa fundi wa zege aliyekuwa amechuchumaa anapima, ukamlowesha kofia hadi soli.

"Shikamoo mzee!" fundi akapaza sauti ndani ya mvua ile. "Niendelee kupima au niache?"

Mzee akamtazama mkewe, roho mkononi. Mama Watoto alikuwa amevua kandambili, amesimama katikati ya ukoka uliolowa, anachezesha vidole vya miguu.

"Acha," akasema. "Nenda kajikaushe, baba, zege sitaki tena. Na wewe, Baba Watoto, ile kona kule haijapata maji."

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, na wajukuu wa wajukuu wasome: siku ile zege lilirudi lilikotoka bila kumwagwa hata koleo moja, na mshindi, pajama limelowa chapachapa, akauburuta mpira mpaka konani kama alivyoamriwa.