Turbo Yangu Inapiga Filimbi

Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa sita

Namshukuru Mungu kwa gari yangu, jipu. Ni ya dizeli, ni ya mkono wa tatu, lakini ina turbo. Shemeji yangu Hénock, kaka wa mke wangu Noëlla, ana kigari cha chini kisicho na turbo. Sisemi zaidi.

Leo jipu imeanza kupiga filimbi. Kwenye mpando, ule mlima wa kutoka sokoni, nimekanyaga: fiiiii! Nimeachia: kimya. Nimekanyaga tena: fiiiii! Watu wa pikipiki wamekimbilia pembeni. Aksanti Mungu, maana honi yangu ilikufa tangu Pasaka.

Shida ni moja tu. Jumamosi nimeahidi kumpeleka mama mkwe Kasaji. Dada yake mkubwa, Mama Jeanne, ni mgonjwa, na hawajaonana miaka kumi na mmoja. Wanapigiana simu, wanalia wote wawili, unite za simu zinaisha kabla hawajasalimiana vizuri. Niliahidi mbele ya familia nzima, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Hénock alikuwa ameketi tu.

Mama mkwe alikuwemo leo, kiti cha nyuma. Kwetu Waluba wa Kasai, mkwe ni heshima. Hatutazamani usoni, hatusemeshani. Neno lake linapitia kwa Noëlla, na langu vilevile. Ndiyo maana akipanda, kioo cha ndani nakigeuza kitazame juu, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Vya pembeni navikunja. Naendesha kwa imani.

Tulipofika nyumbani Noëlla akaniletea neno. Mama anasema nyuma tunatoa moshi mweusi, na mpira wa turbo umelegea mahali fulani. Nimecheka! Mama anajua nini? Ni kweli, marehemu mume wake alitengeneza malori makubwa ya mgodi miaka thelathini, na yeye ndiye alikuwa anamshikia taa. Lakini kushika taa si kazi. Hapana, huyu ni Hénock. Amemwekea mama maneno kinywani ili mi nionekane mjinga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, tarehe 11

Uchunguzi umeanza. Nimesikia kwamba mekanisien wa kweli anasikiliza motere ya gari kwa bisibisi, yaani turnevisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio. Bon. Hakuna aliyeniambia kwamba turbo inakuwa ya moto namna ile. Nimeinama sana, sikio limegusa. Yo, mama yangu! Namshukuru Mungu kwa sikio la pili.

Mchana nimekwenda kwa Mignonne, muuguzi wa dispensari ya mtaa wetu, nikaomba kile chombo cha kusikilizia kifua. Akauliza nani mgonjwa. Nikasema kuna mmoja nyumbani, akipanda mlima anapumua kwa filimbi. Si uongo! Akauliza kama anavuta. Nikajibu anavuta vizuri, ila moshi ni mweusi. Amesikitika sana. Amenipa chombo pamoja na ushauri: apumzike, apunguze chumvi, asibebe mizigo. Mtu mwema, Mungu amlinde.

Nimeisikiliza turbo mpaka jioni. Nimesikia mapigo, du-du, du-du, ya haraka. Nimeyaandika kwenye karatasi. Baadaye nimegundua kwamba motere ilikuwa imezimwa na moyo ni wangu.

Jumatano, tarehe 12

Garaji ya fundi Mbayo. Jipu imefika pale, imenyamaza kama mtoto mbele ya mwalimu. Mbayo amesema ndivyo ilivyo, ikisimama haiwezi kulia, turbo inalia ikiwa inafanya kazi. Nimwachie funguo azunguke nayo kidogo kwenye mpando. Nimekataa. Mbayo anaimba koro moja ya kanisani na Hénock. Tena sauti moja, ya pili! Sikuzaliwa jana.

Nimepata akili bora. Nimeweka simu juu ya kiti, nimeiambia irekodi, nimezunguka mji dakika sita, madirisha wazi. Kisha nimetuma sauti kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, nikauliza nani ana masikio.

Majibu yamekuja haraka. Mmoja kasema birika. Mwingine kasema treni ya Dilolo. Halafu Noëlla akaingia chumbani na uso ule.

Kumbe kuanzia dakika ya tatu nilikuwa naongea peke yangu. Kuhusu Hénock. Kuhusu kigari chake, kuhusu kichwa chake, kuhusu namna anavyokula bukari kwenye matanga ya watu. Dakika mbili nzima! Na sauti ni safi kabisa, bila filimbi hata kidogo, maana pale nilikuwa nashuka.

Hénock ameandika mstari mmoja: “Siku ya posho mama atapanda kwangu.” Jumamosi, yaani. Basi. Hakutukana. Hiyo ndiyo imeniuma.

Mama mkwe naye amesikiliza yote. Neno lake, kupitia kwa Noëlla: kuhusu mwanawe hana la kusema, ila hiyo filimbi ni kolie, ule mkanda wa chuma unaobana mpira wa turbo. Umelegea, upepo unatoroka. Mkono mmoja na turnevisi, kazi imekwisha.

Tena! Hénock hachoki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mi nakubali, lakini ufa nitautafuta mwenyewe. Namshukuru Mungu kwamba sikurekodi dakika kumi.

Alhamisi, tarehe 13

Ugonjwa usioponyeka unafichwa. Jumamosi nitatokea asubuhi na jipu iliyo kimya, mama atachagua ya kwangu, Hénock atabaki na kigari chake. Asubuhi nimechukua blanketi la zamani, nimelilowesha, nimeifunga turbo vizuri kama mtoto mwenye malaria.

Mita mia mbili: hakuna filimbi. Nimeimba! Mita mia tano: harufu. Mbele ya kanisa: moshi, na huu niliuona bila kioo, ulikuwa mbele yangu.

Wamama wa koro ya Hénock walikuwa mazoezini pamoja naye. Wametoka na ndoo. Mmoja kamwaga maji, mmoja kamwaga mchanga, mmoja kamwaga chai iliyokuwa na sukari. Aliyefungua kapo, kile kifuniko cha motere, ni Hénock. Ameungua vidole viwili akilivuta blanketi kwa mikono yake. Nimesimama pale sijui niuweke wapi uso wangu. Nimemwambia aksanti. Nimesema kwa moyo.

Amenijibu akipuliza vidole: “Shemeki, si kwa ajili yako. Jana niliandika na hasira tu. Ile yangu ni ya chini, haitapita muchanga ya Kasaji. Hii yako ikikufa, mama atapanda nini?”

Nilikuwa nimepanga vita vya wiki nzima na mtu ambaye tangu mwanzo alijua hawezi kufika.

Mchana Mama Jeanne amepiga simu kuuliza kama wameshaondoka. Amekumbushwa kwamba leo ni Alhamisi. Baada ya nusu saa amepiga tena kuuliza vilevile. Noëlla amekwenda jikoni kukata vitunguu. Nimechungulia. Hapakuwa na kitunguu hata kimoja, na alikuwa analia. Nimeogopa sana. Mungu wangu, yule mzee asituache kabla mi sijapata dawa ya turbo.

Ijumaa, tarehe 14

Asubuhi neno limetoka kwa mama mkwe, na safari hii halikuwa ombi. Nifungue kapo. Niweke turnevisi chini. Nigeuke niangalie ukuta.

Nimegeuka. Uso kwenye ukuta wa parsela yetu, pale uani, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nimesikia kandambili zake zikipita mgongoni kwangu. Hénock ameambiwa ashike taa. Noëlla ameambiwa ashike kitenge cha mama kisiguse mafuta. Kisha mama akaguna, mm! Kisha krr, krr, krr, krr. Mara nne. Basi.

Sikuweza kuamini kwamba wiki yangu yote ilikuwa ni hizo krr nne.

Kandambili zikarudi ndani. Noëlla akasema niwashe. Nimepanda mpando wa sokoni na gia ya tatu, kitu ambacho sijafanya tangu nianze kuzeeka. Hakuna filimbi! Hakuna moshi! Jipu imevuta mpaka nikaogopa.

Nimerudi mbio, nikasimama palepale, nikauambia ukuta aksanti mara tatu kwa sauti kubwa ili mama asikie dirishani. Ukuta haukujibu, lakini dirisha limecheka. Jamani, nimepewa watu wema kuliko ninavyostahili. Hénock mwenyewe kanipiga bega kwa ule mkono mzima.

Nadhani pia lile blanketi lilikuwa limelainisha mpira.

Jumamosi, tarehe 15

Kasaji! Tumefika!

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Hénock mbele pamoja nami, mama na Noëlla nyuma. Vumbi, mashimo, baiskeli za mkaa, halafu mchanga. Kwa kuwa vioo vyangu vilikuwa kwenye heshima, Hénock ndiye alikuwa ananiambia nani anakuja nyuma. Hakunidanganya hata mara moja. Saa tisa mchana tumeingia.

Mama Jeanne alikuwa ameketi uani tangu asubuhi, amevaa nguo ya kanisani. Macho yake hayaoni vizuri. Mama mkwe amepiga magoti mbele yake bila kusema jina. Mzee ameushika mkono, ameupapasa kidole kwa kidole, halafu amemwita kwa jina ambalo hata Noëlla hakuwahi kulisikia, jina la utoto. Wamecheka. Watu wawili walioliliana kwenye simu miaka kumi na mmoja, leo wamecheka tu, hawakuachana mikono mpaka bukari ikapoa.

Mi niligeuka, kwa heshima. Nimelia juu ya kapo. Hénock alikuwa amechuchumaa anakagua tairi moja kwa muda mrefu sana.

Jioni neno limekuja. Mama atabaki wiki moja na dada yake. Jumamosi ijayo nije kumchukua. Anasema mukwe wake ana moyo mzuri, Mungu amwongezee siku. Na kapo isifunguliwe tena mpaka atakaporudi.

Mwenye shukrani kuliko mimi leo katika Lualaba yote sidhani kama yupo.

Alhamisi, tarehe 20

Siku tano, na jipu haijatoa sauti yoyote.

Mwanzoni nimefurahi. Sasa nina wasiwasi. Mtu aliyekuwa anapiga filimbi kila siku akinyamaza ghafla, si unamuuliza ana nini? Nimesikiliza kwa chombo cha Mignonne, pande zote nne. Hakuna kitu. Haivumi, hailii, hailalamiki. Na keshokutwa ndiyo safari, mama ananingoja na mizigo yake.

Nimemuuliza Hénock. Amesema motokari nzima ndivyo inavyokuwa, niiache. Amesema mara mbili, tena kwa upole. Hapo ndipo nimejua kuna jambo.

Neno la mama kuhusu kapo nimelitafakari sana. Ni huruma yake tu, hakutaka nichoke kwa ajili yake.

Nimengoja Noëlla aende sokoni. Nimeifungua turbo yote, mwenyewe, bila fundi. Buloni, zile bolti zake, nimezipanga kwenye sahani nzuri ya wageni. Nimesafisha kila kipande kwa mswaki. Hakuna ubaya niliouona ndani, aksanti Mungu. Nimerudisha vyote mahali pake, na nimemaliza kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo hata Mbayo hawezi.

Kwenye sahani imebaki buloni moja. Namshukuru Mungu kwa hilo pia. Ingekuwa hatari kama ingepungua.