Sahani ya Pili kwa Twizeyimana

Mubi, Jumatatu tarehe 8 Agosti

Wiki ya tatu bila bibi. Emérita, mke wangu, angali kwao Muheto. Sababu: nilitoa sufuria zake mbili kubwa nikapewa mashini ya umeme ya kukaangia frites za viazi. Mubi hakuna umeme, ninajua, sihitaji kukumbushwa kila siku. Utakuja. Kwa sasa mashini iko juu ya meza ya mbele, wateja waione.

Leo amepiga simu. Salamu hakuna. Alisema atarudi siku muntu mumoja, mumoja tu, ataomba sahani ya pili ndani ya restora yangu. Shahidi atakuwa baba yake, Papa Ndayambaje, ambaye atapita hapa Jumamosi na lori ya viazi. Nimemujibu aanze kufunga mizigo.

Nimeandika menyu mpya, yote Kifaransa. "Poulet Twizeyimana, sauce quatre cubes." Yaani kuku ndani ya mchuzi wa kubu nne za kukoleza. Wateja wa siku nzima: mumoja. Ni Prince, yule wa pikipiki. Alisoma menyu mpaka mwisho kwa heshima, halafu akauliza kwa Mama Kanyere ni wapi.

Jumanne tarehe 9

Huyu Kanyere ananichosha roho. Alitoka huko Butembo, akafunga turubai pembeni ya ukuta wangu, na anachopika ni maharagi, viazi vya kuchemsha na mboga ya lengalenga. Basi. Menyu hana. Kibao hana. Na saa nne ya asubuhi mabenchi yake yamejaa! Mimi nina vitambaa vya meza, ninakaa peke yangu na nzi.

Lakini akili ninayo. Nimezunguka soko lote nikinong'ona kwamba chakula cha Kanyere ni chakula cha wagonjwa.

Jumatano tarehe 10

Mambo yameharibika. Mugonjwa wa kwanza alifika kwake saa moja kamili. Kumbe nusu ya Mubi inaumwa tumbo. Infirmier wa kituo cha afya naye amesikia, akasema ni kweli, akatuma wengine. Sasa waliopona hawataki kuondoka.

Jioni Kanyere amekuja kunishukuru kwa kumusifu sokoni. Alileta viazi vitatu vya moto ndani ya jani la ndizi. Nilikataa kabisa. Aliviacha mulangoni. Nimevila jikoni, nimesimama, nikiwa na hasira.

Alhamisi tarehe 11

Siri lazima iko. Nimeenda kupeleleza. Benchi la nyuma, kofia mpaka kwenye nyusi. Kanyere aliniambia karibu Papa Twizeyimana, na kama ninasikia baridi nisogee karibu na moto.

Nimekula sahani moja, sikugundua kitu. Nimekula ya pili kwa uchunguzi. Ya tatu kwa kuhakikisha. Mwishowe nimemuuliza wazi anatia nini. Akasema maharagi ya Masisi yanaingia motoni alfajiri, chumvi inakuja mwishoni, na yeye anakaa pembeni akiongeza maji kidogo kidogo. Nikamuuliza na nini tena. Akasema na kuni.

Mwanamuke anajua kuficha, huyu.

Jumamosi tarehe 13

Siku yenyewe. Nilianza kupika tangu jana. Kuku ndani ya Fanta. Juu yake sardini, juu ya sardini mayonezi, na kubu sita, kwa sababu baba mukwe si muntu wa kubu nne.

Papa Ndayambaje alifika saa sita, vumbi mpaka kwenye masikio. Aliangalia sahani muda murefu. Aliomba baraka ndefu zaidi. Alikula vijiko viwili, akauliza kwa upole kama hakuna kiazi ambacho hakijafanywa chochote. Nikamwambia hapa si kijijini. Akasema sawa, mutoto wangu, basi anatoka kunyoosha miguu.

Nilingoja. Sosi ikaganda. Nilimukuta kwa Kanyere, mikono yote miwili kazini, akiomba sahani ya pili.

Nilitaka kulia pale pale. Alinivutia benchi, akanisogezea sahani yake. Alisema Kanyere amemusimulia habari zangu za Alhamisi. Hakucheka, afadhali angecheka. Alisema Emérita anachemsha maharagi namna hii kila siku kule Muheto, na kila siku anapakua ya mume, halafu anakumbuka na kuyarudisha ndani ya chungu.

Kisha akasema mambo ya sahani ya pili ni maneno ya hasira tu. Njo desturi yetu: mwanaume amekosa, anabeba bidon ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anaenda kwa wakwe, anasema nimekosa, bibi anachukua kitenge chake wanarudi. Kasiksi na neno moja. Alirudia: hakuna kitu kingine, Twizeyimana, unasikia? Nikasema ninasikia.

Nina hamu na Emérita. Nimeandika, basi.

Jumapili tarehe 14, njiani kwenda Muheto

Kasiksi nimepata, safi, ya ndizi za hapa hapa. Lakini nilipoionja usiku niliona haya. Kasiksi tupu? Hata muntu asiye na restora anaweza kubeba kasiksi tupu. Wakwe watasema sikujitahidi. Basi nimeongeza maziwa ya unga, kopo zima. Sukari. Siro nyekundu ya fraise kwa ajili ya rangi. Hamira kidogo, ipate nguvu. Kubu moja tu, sikutaka kuzidisha. Nimefunga kifuniko kwa waya.

Prince njo ananipeleka. Tumekwama, anasukuma pikipiki ndani ya tope, mimi ninaandika. Jua ni kali. Bidon imevimba, inapiga filimbi. Prince amesema tukate waya tufungue, tafadhali, Papa. Nimekataa. Inaiva. Nimeipakata mwenyewe mapajani isiguswe na muntu, juu ya suti yangu nyeupe ya ndoa.