Kilo Ishirini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Miaka kumi na miwili napakia mizigo kwenye kiwanja hiki kidogo cha ndege, na sijawahi kupanda hata moja. Hata moja! Sasa mdomo umeniponza. Nimemwambia mama mkwe kwamba Ijumaa nitashuka mjini kwake kwa ndege, eti nimeizoea mpaka nasinzia humo. Keshawaalika majirani waje kunipokea.

Ijumaa kuna kiti kimoja kitupu. Kapteni, yule mama anayeturushia ndege, kasema atakayewahi kuandikwa atakipata, ila asizidi kilo sitini. Mimi nina themanini na mbili. Karani wetu, tunayemwita Sindano, ana hamsini na tano na tabasamu la kuudhi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeanza kushinda na njaa. Saa nne asubuhi nimeacha.

Nilimtazama Kapteni akiikagua ndege. Lo, mama yule! Anaizunguka yote, anapitisha kiganja kwenye pangaboi, anatikisa bawa, anachuchumaa kuchungulia magurudumu. Abiria wanune, wasinune, hana haraka. Nilimwuliza kwa nini arudie yote wakati jana ilikuwa nzima. Akanijibu, kaka, tunaruka leo, haturuki jana. Najivunia hata kumbebea begi.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Mizani ya abiria ina kigurudumu chini, cha kurekebishia mshale. Ukikizungusha kidogo, mtu anakonda bila jasho. Akili ni mali! Mke wangu kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ni furaha ya kwenda kumwona mama yake. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimefika kazini kabla ya watu. Nikazungusha. Nikapanda. Sitini kamili! Sindano mwenyewe ndiye aliyeniandika, kanuna huyo.

Wakaja abiria. Mwalimu mmoja wa mwili mkubwa akausoma mshale, akapiga makofi, akasema dawa ya kupunguza unene imefanya kazi. Nikampongeza. Begi lake dogo likapeleka mshale chini ya sifuri! Nikaubana kwa dole gumba.

Nilichosahau: Kapteni hujipima na yeye, kila safari. Akasimama juu ya mizani. Akatazama. Akasema kwa upole kwamba kilo arobaini na moja aliziacha darasa la saba.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alishusha kila mtu na kila mzigo, akarekebisha mizani, akapima upya wote. Kisha akanichukua kwa miguu hadi mwisho wa barabara ya kurukia, akanionyesha paa la shule ng'ambo ya uzio. Akasema kwa uzito niliouficha, pale ndipo tungeishia. Wanangu wanasoma pale. Nikakiri yote, mpaka habari ya mama mkwe.

Halafu akasema nikiwa mwaminifu mpaka mwisho wa mwezi, siku mzigo ukiwa mdogo atanirusha mwenyewe. Nililia waziwazi. Mtu mwingine angenifukuza kazi. Nampenda mama yule kama dada yangu wa damu.

Kiti kapewa Sindano.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Majirani walimpokea Sindano kwa vigelegele wakidhani ndiye mkwe, naye hakukanusha! Mama mkwe hakuwasahihisha, kasema kijana ana adabu na suruali inamkaa. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Jumapili, 10 Machi
Nimeapa. Mizani siigusi tena, hata kwa fimbo. Kapteni kanifungua macho: uzito si mchezo. Leo kutwa nimewaza uzito tu. Mwisho wa mwezi bado wiki tatu, nani asubiri? Nimegundua ndege ile hubeba mafuta ya kwenda na ya kurudi, yote kwa pamoja. Ya kurudi ya nini, wakati ndiyo kwanza tunakwenda? Kesho asubuhi namshauri Kapteni tuyaache hapa. Atafurahi kuona nimeelewa somo.