Lita Tano za Mama yake Anneke

Jamani, leo nimeaibika hadi nimejifungia chumbani hosteli, mlango nimepiga komeo.

Mnajua nasoma biashara hapa Guangzhou. Leo kikundi chetu kilikuwa na wasilisho mbele ya darasa. Tuko watatu: mimi, Kyle wa Marekani na Anneke wa Uholanzi. Mada: kwa nini Wamarekani wanapenda magari makubwa na watu wa Ulaya wanahesabu kila tone la mafuta. Kazi ya slaidi ilikuwa yangu. Wenzangu wakanitumia namba za magari ya kwao. Kyle: 17, pikapu ya baba yake. Anneke: 5, kigari cha mama yake. Namba tupu!

Asubuhi Anneke akaniambia, "Hebu tuzione slaidi kabla."

"Niachie mimi," nikamjibu. "Nimekulia gereji ya baba, Morogoro." (Nilikuwa nashika tochi tu. Lakini gereji ni gereji.)

Wageni waliruhusiwa, kwa hiyo nikamwalika Mama Kulwa, mfanyabiashara wa Kahama aliyekuja kununua nguo za watoto soko la jumla la Shisanhang. Nilitaka akirudi nyumbani akanisifie. Akaja na mfuko wake mkubwa, akakaa mstari wa mbele kabisa.

Nikaanza. Sasa, sisi kwetu tunauliza gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Namba ikiwa kubwa, gari zuri, na kwenye slaidi niliandika hivyo hivyo: 17 km/l, 5 km/l. Basi nikamgeukia Anneke, mbele za watu, nimetanua kifua.

"Ulaya mnatuhubiria kubana matumizi, kumbe kigari cha mama yako kinakunywa mara tatu ya pikapu ya Mmarekani!"

Watu wakatazamana. (Nikadhani nimewagusa.)

Mama Kulwa akanyoosha mkono. "Mwanangu, hicho kigari kinakwenda kilomita tano tu kwa lita? Kimebeba mawe? Mbona hata lori langu likijaa mahindi linafika hapo!"

Mwalimu akaniuliza kwa Kiingereza, "Mgeni wetu anasemaje?"

Nikatafsiri: "Anasema slaidi zina rangi nzuri."

Mwalimu akafurahi. Akamgeukia Mama, akamshukuru kwa Kichina kwa kusifu rangi. Nilisahau kabisa kwamba huyu mama amebishana bei na Wachina miaka na miaka!

"Rangi?" Mama akasimama. "Rangi gani? Bu dui, laoshi! Bu dui!"

Yaani si kweli, mwalimu, si kweli. Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu akaniamuru nitafsiri upya, neno kwa neno. Nikatafsiri, hadi yale mawe.

Anneke akasema taratibu, "Ile ni lita tano kwa kilomita mia. Kwetu namba ndogo ndiyo nzuri."

"Na yangu ni maili kumi na saba kwa galoni," Kyle akaongeza. "Linakunywa sana. Kwani nani anajali? Baba anataka kukaa juu, aione barabara."

"Nani anajali?" Anneke akamrukia. "Mama yangu akikanyaga mafuta, jicho liko kwenye mshale wa tangi!"

Nikapiga hesabu kichwani. Pikapu ndiyo inayokunywa karibu mara tatu. Kila nilichosema kilikuwa kinyume!

Wakabishana mpaka kipindi kikaisha. Mwalimu akasema ubishi huo ndio sehemu bora ya wasilisho letu. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa nikae. Nikakaa karibu na Mama Kulwa, akanipigapiga begani. "Pole, baba. Ila Kiingereza unakijua."

Nje nikamfuata Anneke. "Nisamehe. Na mama yako umwombe radhi kwa niaba yangu."

"Mwombe mwenyewe," akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Nimeshamtumia video ya wasilisho letu. Ameipeleka kwa ukoo mzima."

Ndugu zangu, nyie msinicheke. Waholanzi wanatosha.